Tasnifu ya Daktari Anayesomea Ubingwa: Mpango, Muda na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Daktari anayesomea ubingwa nchini Kenya hutakiwa kufanya utafiti na kuandika tasnifu huku akiendelea kuwahudumia wagonjwa wodini. Makala haya yanaeleza jinsi utafiti wa aina hiyo unavyopangwa na kukamilishwa, kuanzia uteuzi wa swali hadi uandishi wa matokeo. Yanashikilia kwamba lugha ya Kiswahili, ambayo mara nyingi huachwa hadi mwisho na kuchukuliwa kuwa kiambatisho tu, ni sehemu ya mbinu za utafiti wenyewe. Ikikosewa, ridhaa ya mgonjwa hukosa maana na takwimu hupotoka hata kama hesabu zenyewe ni sahihi.

Utangulizi

Shahada ya uzamili ya udaktari, maarufu kama MMed, ni njia kuu anayopitia daktari nchini Kenya ili awe bingwa wa upasuaji, wa maradhi ya watoto, wa uzazi, wa magonjwa ya akili au wa tawi jingine la tiba. Shahada hii hutolewa na vyuo kadhaa, vikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Eldoret na Chuo Kikuu cha Aga Khan. Mafunzo yake aghalabu huchukua kati ya miaka 3 na 5, na sehemu kubwa hufanyika hospitalini wala si darasani. Mwanafunzi huyu hukesha zamu, hupasua, huzalisha, huwafundisha walio chini yake na kuwajibika mbele ya walio juu yake. Juu ya hayo yote, hawezi kufuzu pasipo kuwasilisha tasnifu inayotokana na utafiti wake mwenyewe.

Wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Kwa daktari huyu, inayoponyoka kwa kawaida ni tasnifu, kwa sababu mgonjwa aliyezidiwa hawezi kuambiwa asubiri ilhali ukurasa usioandikwa husubiri bila kulalamika. Ndiyo maana utafiti wa aina hii hauwezi kuachiwa muda wa ziada. Hauna muda wa ziada. Hukamilika pale tu unapokuwa umepangwa mapema, ukawa mdogo wa kutosha kubebwa na mtu mmoja, na ukawa umezingatia vikwazo vyote vinavyojulikana. Lugha ni mojawapo ya vikwazo hivyo, nayo ndiyo inayowahusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja.

Ili maelezo yasielee hewani, makala haya yatatumia mfano mmoja wa kubuni. Chukulia daktari anayesomea magonjwa ya ndani. Katika kliniki ya kisukari ameona wagonjwa wengi walionyong'onyea, wasiomeza dawa ipasavyo, na anashuku kwamba baadhi yao wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu na kupoteza hamu ya mambo. Anataka kuutafiti ushuku huo.

Kutoka Wazo hadi Swali

Kosa la kwanza katika utafiti wa ubingwa ni kuanza na mada badala ya swali. "Sonona na kisukari nchini Kenya" ni mada. Inaweza kujaza maisha ya watafiti kumi. Swali hutaja watu gani, mahali gani, jambo gani linalopimwa na kwa kipimo gani. Daktari wa mfano wetu atakuwa na swali pale atakapouliza: miongoni mwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili wanaohudhuria kliniki moja mahususi, ni asilimia ngapi wana dalili za sonona kwa mujibu wa hojaji ya PHQ-9, na je, hali hiyo inahusiana na kiwango cha sukari katika damu?

Swali zuri hupimwa kwa mambo machache. Je, linaweza kutekelezwa kwa muda, fedha na wagonjwa waliopo? Je, lina mvuto kwa mtafiti kiasi cha kumfanya alirudie saa nne usiku baada ya zamu? Je, linaongeza chochote kwa yaliyokwisha kujulikana? Je, linakubalika kimaadili? Na je, jibu lake litamsaidia nani? Swali likishindwa kipimo cha kwanza, mengine hayana haja ya kuulizwa. Tafiti zinazohitaji kumfuatilia mgonjwa kwa miaka miwili, au maradhi yanayoonekana mara tatu kwa mwaka, ni muhimu kwa taaluma lakini ni mtego kwa anayesomea ubingwa.

Katika hatua hii msimamizi huwa nguzo. Daktari huhitaji msimamizi anayelijua somo, na mwingine anayejua mbinu za utafiti; mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Mtaalamu wa takwimu naye anafaa kuonwa kabla ya data kukusanywa, si baada yake. Anayempelekea mwanatakwimu data iliyokusanywa vibaya humpelekea maiti na kumwomba aitibu.

Hesabu ya Sampuli na Hesabu ya Kalenda

Katika tasnifu nyingi za Kenya, idadi ya washiriki wa utafiti wa kukadiria kiwango cha ugonjwa hupatikana kwa kanuni inayojulikana sana. Mraba wa 1.96 huzidishwa kwa kiwango kinachotarajiwa, kisha kwa sehemu inayosalia ili kutimiza moja, halafu jawabu hugawanywa kwa mraba wa kosa linalovumilika. Kiwango kisipojulikana, hutumiwa asilimia 50. Na kosa likiwa asilimia 5, jawabu ni washiriki 384. Iwapo tafiti zilizotangulia katika mazingira yanayofanana zinaashiria asilimia 20, jawabu hushuka hadi 246. Hata hivyo, si halali kuchagua kiwango kwa sababu tu kinapunguza kazi. Lazima chanzo chake kitajwe na kiweze kutetewa mbele ya watahini.

Wengi huishia hapo. Hesabu ya pili, ambayo haimo katika vitabu vya takwimu, ni ya kalenda. Tuseme kliniki hufanyika siku moja kwa wiki, na kumweleza mgonjwa, kupata ridhaa yake na kumhoji huchukua nusu saa. Kwa saa sita, mtafiti mmoja atahoji watu 12. Washiriki 384 watahitaji wiki 32. Washiriki 246 watahitaji wiki 21. Kwa kuwa baadhi ya hojaji hazitakamilika, ni desturi kuongeza takribani moja ya kumi. Sasa 246 inakuwa 271, nazo wiki zinakuwa 23. Ongeza likizo, mitihani na miezi ambayo daktari atapelekwa kitengo kingine. Ndipo inapodhihirika kwamba kazi iliyoonekana kuwa ya miezi mitano ni ya miezi minane au zaidi.

Aidha, kalenda ya hospitali huvunjwa na mambo yasiyotabirika. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Janga la UVIKO-19 mwaka 2020 lilivuruga kliniki nyingi za kawaida. Aliyepanga kumaliza kukusanya data wiki ya mwisho kabla ya kuwasilisha tasnifu hana mpango bali ana matumaini. Ni busara kupanga kwa kurudi nyuma: kuanza na tarehe ya kuwasilisha, kutoa miezi mitatu ya dharura, kutoa miezi ya kuandika na kuchanganua, kisha kuona ni lini ukusanyaji unapaswa kuanza. Kwa kozi ya miaka minne, hesabu hiyo kwa kawaida huonyesha kuwa swali lazima liwe limeiva kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.

Mbele ya Kamati ya Maadili

Hakuna mgonjwa anayeweza kuhojiwa kabla ya pendekezo la utafiti kuidhinishwa na kamati ya maadili. Hospitali Kuu ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi vina kamati ya pamoja, na Chuo Kikuu cha Moi kina yake pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Juu ya hayo, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda tume ya taifa, NACOSTI, ambayo hutoa leseni za utafiti. Uongozi wa hospitali husika nao hutoa kibali chake.

Taratibu hizi zina historia. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilitungwa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani lilipitishwa mwaka 1964, na limerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Katika toleo la Oktoba 2024, mtu anayefanyiwa utafiti hutajwa kuwa mshiriki. Kule Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walitazamwa bila kutibiwa ipasavyo kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wakiamini kwamba walikuwa wakitibiwa. Kisa hiki cha mwisho kinastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa lugha, kwa kuwa kiini chake ni maneno: watu hao waliambiwa jambo moja ilhali lililotendeka lilikuwa jingine.

Kwa kawaida kamati hutaka fomu ya ridhaa na hojaji ziwasilishwe pia katika lugha ambayo washiriki wanaielewa, na katika hospitali nyingi za Kenya lugha hiyo ni Kiswahili. Hapa ndipo mpango wa wengi hupata ufa. Tafsiri hufanywa usiku mmoja kabla ya kuwasilisha, na daktari mwenyewe au na rafiki aliyepata alama nzuri katika Kiswahili cha shule ya upili. Baadaye, katika majaribio ya awali, inagunduliwa kwamba wagonjwa hawaelewi. Lakini fomu iliyoidhinishwa haiwezi kubadilishwa kiholela. Kila badiliko lazima lirudishwe kwa kamati na kusubiri jibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tafsiri ambayo ingechukua wiki tatu mapema sasa inakula miezi miwili ya msimu wa kukusanya data.

Lugha ya Ridhaa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kujua kusoma. Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili si sawa na kueleweka kwa Kiswahili. Tazama maneno machache tu.

Neno "uchunguzi" hutumiwa na watafsiri wengi kwa maana ya utafiti. Lakini hospitalini uchunguzi ni kupimwa: uchunguzi wa damu, uchunguzi wa mkojo. Mgonjwa anayeambiwa kwamba anaombwa kushiriki katika uchunguzi ana kila sababu ya kuamini kuwa daktari anatafuta ugonjwa wake ili amtibu. Ataridhia mara moja, na ridhaa hiyo itakuwa imejengwa juu ya kutoelewana. Tatizo hili si la kufikirika. Molyneux na wenzake, katika utafiti wao wa pwani ya Kenya uliochapishwa mwaka 2004, walieleza jinsi wazazi wengi walivyoshindwa kutenganisha shughuli za utafiti na huduma za matibabu. Neno "utafiti" ni bora zaidi, lakini nalo lahitaji sentensi ya kulifafanua.

Daktari anayelinganisha tiba mbili hukumbana na "bahati nasibu". Kitaalamu, kuwagawa washiriki kwa bahati nasibu huzuia upendeleo. Kwa msikilizaji wa kawaida, bahati nasibu ni mchezo wa kamari ambao mmoja hushinda na wengine hupoteza. Atauliza ni nani aliyeshinda dawa nzuri. Ni afadhali kueleza kwamba kompyuta ndiyo itakayopanga nani aingie kundi gani, kwamba daktari hachagui, na kwamba haijulikani bado tiba ipi ni bora. "Siri" nayo ina pande mbili. Fomu isemayo kwamba "utafiti huu ni wa siri" yaweza kuzua hofu badala ya kuiondoa. Kilichokusudiwa ni kuwa habari za mshiriki hazitaonyeshwa watu wengine. Katika mwambao ambako hadithi za mumiani wanaonyonya watu damu zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni, kusema kuwa damu itachukuliwa kwa siri ni kuuita mkosi. Kiasi cha damu pia chafaa kutajwa kwa kipimo cha nyumbani: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai.

Linganisha sasa maelezo mawili. La kwanza: "Unaombwa kushiriki katika uchunguzi unaodhamiria kubainisha kiwango cha uenezi wa sonona, ushiriki wako ni wa kujitolea na taarifa zote zitahifadhiwa kwa siri." La pili: "Mama, mimi ni daktari na pia ni mwanafunzi. Naomba kukuuliza maswali kwa ajili ya utafiti wa masomo yangu. Maswali haya si sehemu ya matibabu yako ya leo. Ukikataa, au ukichoka katikati, utaonwa na daktari na kupewa dawa zako kama kawaida, na hakuna atakayekukasirikia. Jina lako halitaandikwa kwenye karatasi ya majibu." Sentensi za pili ni fupi, kila moja ina jambo moja, na haki ya kukataa imesemwa waziwazi. Neno "kujitolea" limeepukwa kwa sababu kwa wengi humaanisha kufanya kazi bila malipo.

Mtajo wa heshima uliotangulia nao una uzito. Mzee anayesalimiwa vyema na kuitwa "mzee" au "baba" huona kwamba anazungumziwa kama mtu. Lakini heshima hiyo hiyo humtia mgonjwa katika hali ya kutoweza kumkatalia daktari wake. Kwa hiyo, inapowezekana, anayeomba ridhaa asiwe daktari anayemtibu mgonjwa huyo siku hiyo. Kwa asiyejua kusoma, maelezo husomwa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha mshiriki huweka alama ya kidole gumba. Na yule ambaye Kiswahili chenyewe hakimfikii, kwa mfano bibi aliyetoka kijijini akijua Kipokoti tu, ahudumiwe kwa lugha yake, na isidhaniwe kuwa kimya chake ni kukubali.

Lugha ya Hojaji

Ridhaa ikishapatikana, huja maswali. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila swali lina majibu manne yanayopewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni kati ya 0 na 27. Alama 10 na zaidi kwa kawaida huchukuliwa kuwa ishara ya sonona inayostahili kushughulikiwa. Toleo la Kiswahili limewahi kupimwa nchini: Monahan na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo yake miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Daktari wa mfano wetu hana haja ya kutafsiri upya kifaa kilichopo. Kilichopimwa kwa kundi moja, hata hivyo, hakina budi kujaribiwa kwa kundi jingine. Uchovu na kukosa hamu ya chakula ni dalili za sonona, lakini zaweza pia kuletwa na kisukari chenyewe.

Iwapo hojaji haijawahi kutafsiriwa, utaratibu uliozoeleka ni ule wa tafsiri rejeshi, uliopendekezwa na Brislin mwaka 1970. Mtu mmoja hutafsiri kwenda Kiswahili. Mwingine, asiyeiona nakala asilia, hurejesha matini hiyo katika Kiingereza. Kisha nakala mbili za Kiingereza hulinganishwa. Utaratibu huu unafaa, lakini una upofu wake. Chukulia jibu linalokusudia kusema kuwa hali ilijitokeza katika siku nyingi kuliko nusu ya siku za kipindi hicho. Mfasiri akiandika "zaidi ya nusu ya siku", mfasiri rejeshi mwerevu atalielewa lilivyokusudiwa na kulirejesha sawasawa. Nakala zitalingana na kila mtu ataridhika. Lakini neno "siku" halibadiliki katika umoja na wingi. Mgonjwa anaweza kusikia "zaidi ya nusu ya siku moja", na aliyekuwa na huzuni alasiri ya Jumanne pekee akachagua jibu la alama 2. Mgonjwa aliyestahili alama 1 katika maswali yote tisa ana jumla ya 9. Swali moja tu likipanda kwa sababu ya sarufi ya ngeli, amefika 10 na kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa akili. Kuandika "siku nane au zaidi kati ya siku kumi na nne" huondoa utata huo.

Dosari kama hii haifichuliwi na tafsiri rejeshi bali na mazungumzo. Watu wachache wanaofanana na washiriki husomewa swali, kisha huombwa waeleze kwa maneno yao walivyolielewa. Ndivyo inavyogunduliwa kwamba wengi husema "nina sukari" na "nina presha" wala si kisukari na shinikizo la damu. Kwamba "sonona" ni neno geni kwa wasikilizaji wengi wa Kenya. Kwamba "msongo wa mawazo" huwaletea picha ya shida za karo na kodi ya nyumba. Na kwamba aliyeandikiwa kutokula tangu saa 12 usiku kwa mtindo wa Kiingereza huenda akasikia jioni badala ya saa sita usiku.

Swali la tisa la hojaji hiyo lina uzito wa pekee. Linahusu fikra za kuona kuwa afadhali mtu afe, au za kujidhuru. Anayeuliza swali hili lazima awe amepanga atakachofanya akijibiwa ndiyo. Mshiriki huyo hawezi kuachwa arudi nyumbani akiwa takwimu. Lazima aonwe na mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo hiyo, na mpango huo uandikwe katika pendekezo la utafiti. Isisahaulike pia kwamba kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka katiba. Aliyezoea kusikia kwamba jambo hilo hupeleka watu korokoroni atajibu kwa woga, na maneno ya anayemhoji ndiyo yatakayomfungua au kumfunga kinywa.

Kukusanya, Kuhifadhi na Kuandika

Wakati wa kukusanya data, nidhamu ndogo za kila siku hushinda juhudi kubwa za mwisho. Hojaji hukaguliwa jioni ile ile, kabla mshiriki hajasahaulika. Data huingizwa kwenye kompyuta kila wiki. Orodha ya majina huwekwa mbali na majibu, na kila mshiriki hupewa nambari, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Majibu ya maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kile kile kilichotamkwa, yasitafsiriwe papo hapo. Mgonjwa aliyesema "roho yangu imechoka" amesema jambo ambalo neno moja la Kiingereza halitalibeba.

Majedwali ya matokeo yaandaliwe yakiwa matupu kabla ya data kupatikana. Jedwali tupu humwonyesha mtafiti ni habari zipi anazihitaji, na zipi alizikusanya kwa udadisi tu. Sura za utangulizi, mapitio ya maandishi na mbinu huweza kukamilishwa wakati data ingali inakusanywa, kwa kuwa sehemu kubwa imo katika pendekezo lililoidhinishwa. Anayeandika kurasa mbili kila wiki, hata akiwa katika kitengo chenye pilkapilka, hufika mwisho kabla ya anayesubiri likizo ya mwezi mzima. Matokeo yasiyolingana na matarajio yaripotiwe yalivyo. Iwapo uhusiano wa sonona na sukari haukuonekana, hilo nalo ni jibu.

Hatimaye matokeo hayana budi kurudishwa kwa waliyoyatoa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ukibandikwa kliniki, au mazungumzo ya robo saa na wagonjwa asubuhi wanaposubiri kuonwa, huwajulisha kwamba saa walizotoa hazikupotea. Anayewarejeshea watu habari leo humsafishia njia mtafiti wa kesho.

Hitimisho

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tasnifu ya ubingwa inayokamilika kwa wakati huwa imeundwa kutokana na swali dogo, hesabu ya kalenda iliyo aminifu, kibali kilichoombwa mapema na lugha iliyojaribiwa kabla ya kutumiwa. Makala haya yameonyesha kwamba kipengele hiki cha mwisho si pambo. Neno moja lisilofaa katika fomu ya ridhaa humfanya mtu akubali jambo asilolijua, na utata mmoja wa kisarufi katika hojaji humpa ugonjwa asiokuwa nao.

Madaktari hawawezi kutarajiwa kuyabaini haya peke yao. Idara za Kiswahili, kwa upande wao, zina wanafunzi wa tafsiri, isimujamii na semantiki ambao kila mwaka hutafuta mada za utafiti. Mara nyingi hospitali ya rufaa na idara hiyo huwa katika mji mmoja. Mwanafunzi wa tafsiri akikaa meza moja na daktari anayesomea ubingwa miezi miwili kabla ya pendekezo kufikishwa kwa kamati, tasnifu mbili zinaweza kufaidika. Wa kwanza kufaidika, hata hivyo, atakuwa mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la kliniki, ambaye ataulizwa jambo analolielewa na kujibu neno alilolikusudia.